Methali Hazili Kiapo

Kisa hiki ni cha kweli, kweli tupu isiyotiwa maji. Ni cha kweli kwa sababu nimekiapia, na nimekiapia kwa sababu ni cha kweli. Mtu wa umri wangu haapi ovyo. Atakayenikamata na uongo hata wa ukubwa wa punje ya ulezi, nitamtandikia kitanda na kumpigia mito yake kila asubuhi mpaka mvua zijazo. Mke wangu yuko pale anapiga pasi, na ndiye shahidi wa ahadi hii.

Kisa chenyewe kilianzia kwenye chafya.

Ilikuwa yapata saa tatu asubuhi, katika karakana moja ya mito na magodoro. Waliowahi kuingia humo husema kwamba mlangoni tu miayo inakupokea kama mwenyeji. Sufi ilielea hewani kutwa nzima, ikishuka polepole kama kitu kinachofikiri, ikatua juu ya kope, juu ya chai, juu ya maneno ya watu. (Mimi nikiitaja tu sufi, pua inawasha. Nikilalia mto wake, chafya moja haikosi.) Wafanyakazi walizoea kunong'ona ili wasiipeperushe. Hata cherehani zilisikika kwa mbali, kama mvua ya mtaa wa pili. Kulikuwa na paka wa kijivu, kiziwi tangu kuzaliwa, aliyelala popote palipo laini. Inasemekana siku moja sufi ilikuwa nzito mno hewani hata akalala bila kugusa sakafu.

Mwenye karakana, ambaye kila mtu alimwita Mzee, alikuwa na chumba chake cha kupumzikia nyuma, na mlango wake haukuachwa wazi hata kidogo, maana sufi na pua yake walikuwa chui na mbuzi. Akipita karakanani alijifunga kitambaa usoni. Ndani ya chumba hicho kulikuwa na kitanda chembamba, na juu ya kitanda, mto. Mto huo aliushona marehemu mkewe, akaujaza kwa mikono yake sufi ya gunia la kwanza kabisa walilonunua. Kila siku baada ya chakula cha mchana Mzee aliweka kichwa pale, akasinzia, akamwota. Mara zote alimkuta anatunga uzi kwenye sindano, akimwambia asogee kidogo, anamzibia mwanga. Aliamka na uso wa mtu aliyerudi safari fupi.

Asubuhi hiyo watu walisikia chafya kutoka chumbani, moja, nyingine, nyingine tena, mpaka vikombe vikalia. Halafu sauti ya Mzee, ya chini, kama ya mtoto aliyeamka katika nyumba asiyoijua:

"Mto wangu uko wapi?"

Kitanda kilikuwa kitupu. Sakafuni palikuwa na vinyoya vya sufi, vimetapakaa kutoka kitandani hadi mlangoni, kana kwamba kuna ndege aliyenyonyolewa pale.

Kabla jua halijafika utosini, karakana nzima ilikuwa imeshampata mwizi: Mshonaji. Huyu alikuwa binti wa kushona foronya, mkono mwepesi, mdomo mzito, mchumba wa mtoto pekee wa Mzee. Harusi ilikuwa Jumamosi. Mzee, macho mekundu, akatoa neno lake: mto usiporudi kabla ya alasiri, hakuna harusi, na binti ataondoka na polisi. Kijana wake alijaribu kusema, akaambiwa anyamaze. Akakaa juu ya gunia, ameshika kichwa.

Polisi wakamtuma Sinzia.

Jina hilo alipewa na wenzake kituoni, naye hakulikataa. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, aliyesikiliza watu akiwa amefumba macho. Wengi walidhani analala, wakasema zaidi ya walivyokusudia. Yeye mwenyewe alijua kwamba macho hudanganywa upesi; akiyafumba, maneno yalimjia yametengana, kama nguo kwenye kamba, na aliweza kuona ipi imechanika. Alipoingia karakanani na sufi ya kwanza ikatua kwenye shavu lake, alihisi mahali hapa pametengenezwa kwa ajili yake. Akaomba kiti. Akaletewa godoro.

Wa kwanza kuhojiwa alikuwa Msimamizi, mtu mrefu aliyekuwa hawezi hata kuomba nafasi ya kupita bila kutanguliza methali. Alieleza kwamba jana, wakati wa chai, Mshonaji alitangaza mbele ya wote kuwa zawadi yake kwa baba mkwe ni kuufumua ule mto wa marehemu, kuichambua sufi yake na kuushonea foronya mpya. Leo asubuhi mto haupo.

"Dalili ya mvua ni mawingu, Afande."

"Mawingu mangapi yamekupita mwaka huu bila kudondosha tone?" aliuliza Sinzia, macho yamefumbwa.

Msimamizi alikohoa. Akasema basi awaulize wafanyakazi wote, hakuna anayebisha, na wahenga walisema wengi wape. Sinzia akajibu kwamba wengi wapewe chai, hatia haigawiwi kwa kunyoosha mikono. Msimamizi akasema uvumi wenyewe umeenea hadi barabarani, na lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

"Basi tutalisubiri lije. Yeye binti amesemaje?"

"Ameulizwa, kanyamaza. Na kimya kingi kina mshindo mkuu."

"Angesema sana je?"

"Ah, hapo ningejua tu. Debe tupu haliachi kuvuma."

Sinzia alifumbua jicho moja. "Akinyamaza ni mwizi, akisema ni mwizi. Sasa afanyeje huyu mtoto wa watu, aimbe?"

Kutoka pembeni mtu alicheka puani. Msimamizi alivuta shati lake, kisha akatoa alichokuwa amekihifadhi kama nyama ya mwisho sahanini. Jana mchana, alisema, alimsikia Mshonaji kwa masikio yake mawili akizungumza na simu, akasema: "Mto umepungua, jioni nitaupitia." Na alipoulizwa leo mbele za watu kama alisema hivyo au hakusema, alikiri.

Hapo karakana iliguna. Sinzia hakuguna. Maneno yale aliyaweka kwenye kamba yake na kuyaacha yapepee.

Aliyefuata alikuwa Shangazi, dada yake Mzee. Tangu kufiwa kwa kaka yake ndiye aliyekuwa akimpikia, akimfulia, akimkumbusha dawa ya kifua. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, kikapu kikubwa cha vitambaa miguuni pake, na juu ya vitambaa paka amejikunja kama mkate. Shangazi alisema kidogo, kwa upole, mikono ikikunja kipande cha kitambaa, ikikikunjua, ikikikunja. Hakumwona mtu. Hajui lolote. Binti mwenyewe hana neno naye, ila tu baba yake aliwahi kufungwa kwa wizi, na watu husema mtoto wa nyoka ni nyoka.

"Na mtoto wa fundi?" aliuliza Sinzia.

Shangazi hakuelewa.

"Namuulizia huyu bwana harusi. Baba fundi, mama fundi. Anaweza kutunga uzi?"

Kijana juu ya gunia alitikisa kichwa kwa huzuni. Wafanyakazi wakacheka kwa kunong'ona. Ilijulikana kwamba mara ya mwisho kushika sindano alijishonea mkono wa shati kwenye godoro la mteja.

"Basi damu haifundishi kazi, hata ya wizi," alisema Sinzia. Alimnyooshea paka mkono, akamkuna kidevuni. "Huyu hulala hapa siku zote?"

Shangazi alijibu kwamba paka hana kwao. Lakini mshonaji mmoja wa magodoro akadakia kuwa paka huyu, mlango wa Mzee ukifunguliwa tu, hujipenyeza mbio kwenda kuulalia ule mto, na leo ndiyo mara ya kwanza wanamwona kikapuni. Sinzia aliitikia "mm" na kufumba macho tena. Paka naye hali kiapo, alijiambia. Labda kapenda rangi ya vitambaa.

Mzee alikuwa na mtu wake wa kushuku pia: Muuza sponji wa ng'ambo ya barabara. Hoja yake ilikuwa fupi, kwamba yule bwana ni mlevi, ana madeni ya maneno na kila mtu, na anachukia sufi. Sinzia alivuka barabara. Huko hakukuelea kitu; mito ilikuwa imepangwa ndani ya nailoni, ikimeta kama mayai. Muuza sponji alikuwa kweli anatoa harufu ya jana yake.

"Mama, mtu mwenye duka la mito aibe mto?" alisema. "Ni kama muuza maji akaibe mvua. Huyo Mzee hanipendi, sawa, nami simpendi. Lakini kutopendwa hakujawahi kunifikisha chumbani kwake."

Sinzia alikubali kwamba mlevi anaweza kusema kweli; ulevi uko tumboni, hoja iko mezani. Akamuuliza kama kuna yeyote wa kule anayekuja kununua kwake. Muuza sponji alitazama huku na huku. Wafanyakazi hawathubutu, alisema, ila yule dada wa Mzee alikuja zamani kidogo, kwa kujifunika, akachukua mabaki ya sponji, vipande vidogo vidogo vya laini. Alisema anajazia mwanasesere.

"Nikashangaa," aliongeza, "maana nyumba ile mtoto pekee ni huyo anayeoa Jumamosi."

Sinzia alirudi polepole, jua likimpiga kisogoni. Katikati ya barabara alisimama, akasahau kuvuka, mpaka baiskeli ikampigia kengele. Kitu kilikuwa kinamzunguka kichwani, chepesi, hakitaki kutua. Alijua akikikimbilia kitapeperuka.

Alimkuta Mshonaji nyuma ya marobota ya vitambaa, ameketi mbele ya cherehani isiyozunguka. Hakulia. Alikuwa akivuta uzi mmoja kutoka kwenye pindo la gauni lake, na pindo lilikuwa limeshafumuka nusu. Sinzia aliketi chini karibu naye, akaacha sufi iwatulie wote wawili kwa muda.

"Binti, nyumbani kwenu ni wapi?"

"Ng'ambo ya mto, Afande."

Sinzia alifumbua macho yote mawili.

Binti akaeleza kwamba mvua zikinyesha mto hujaa, na yeye hulazimika kuzunguka hadi darajani, akafika nyumbani giza limeshaingia. Jana mama yake alipiga simu akiwa na wasiwasi. Akamwambia mto umepungua, jioni ataupitia.

"Kwa nini hukumwambia Msimamizi hivyo?"

"Hakuniuliza mto gani. Aliniuliza nilisema au sikusema. Nilisema." Akauvuta uzi. "Halafu akaniuliza mbele ya mchumba wangu nimeanza lini kuiba. Swali kama hilo, Afande, ukilijibu umeshakiri, usipolijibu umeshakiri. Nikaona bora nishone, lakini mikono imekataa."

Kisha akasema jambo moja tu zaidi, kwa sauti ya chini, akimtazama kijana kwa mbali: kwamba baba yake alipofungwa yeye alikuwa mdogo, na tangu hapo kila kitu kinachopotea popote humtafuta yeye kwanza. Alidhani akiolewa hapa, atapata mahali ambapo kitu kinaweza kupotea tu.

Sinzia alimshika bega, akainuka, akaenda chumbani kwa Mzee.

Mzee alikuwa amelala chali bila mto, kichwa kimening'inia vibaya, akijaribu kuota. Alikuwa hajafanikiwa. Sinzia aliokota sufi sakafuni, akaisugua kwenye kidole. Ilikuwa nyeupe kama maziwa, inateleza. Akamuuliza Mzee kuhusu chafya zake. Mzee alisimulia kwamba zamani hata kwenye mto wa marehemu alikuwa akipiga chafya, na daktari akamwonya kuwa sufi itamla kifua, autupe. Akakataa katakata. Basi baada ya muda chafya zikakoma zenyewe, na kifua kikatulia.

"Nikajua marehemu amenionea huruma," alisema. "Nikausifu mto wake mbele ya wateja wote."

"Na leo asubuhi?"

"Leo nimepiga chafya hata kabla sijaona kwamba haupo. Hapo hapo mlangoni."

Kile kitu chepesi kikatua.

Alasiri, Sinzia aliwaita wote chumbani: Mzee kitandani, Shangazi na kikapu chake, kijana, Mshonaji, Msimamizi mlangoni. Jua lilikuwa limelala sakafuni. Alianza na neno moja, mto, ambalo Msimamizi alilisikia likiwa na foronya na Mshonaji alilisema likiwa na maji. Akaeleza simu ya jana. Msimamizi alifungua mdomo, akatafuta, akaufunga. Ilikuwa mara ya kwanza watu kumwona amekosa methali.

"Kila methali ina mke mwenza wake," Sinzia alimwambia. "Wewe una kimya kingi kina mshindo, mimi nina kimya ni hekima. Una haraka haraka haina baraka, nina ngoja ngoja huumiza matumbo. Zote nzuri, zote zetu. Lakini ni chumvi hizi, si mboga. Methali hazili kiapo, bwana, na asiyekula kiapo hawezi kumfunga mtu."

Halafu akamgeukia Mzee. Sufi hii ya sakafuni, alisema, ni nyeupe. Sufi ya gunia la kwanza ingekuwa imeshakuwa ya manjano (kama meno yangu mimi). Tena, kama mto ulikuwa na sufi, Mzee angepiga chafya kila mchana. Amekaa miaka bila chafya, na mto upo. Leo mto haupo, sufi ipo, chafya zimerudi. Basi sufi hii haikutoka ndani ya mto. Imeletwa kutoka karakanani na kumwagwa hapa.

"Sasa nani anahitaji tuamini kwamba ndani ya mto mlikuwa na sufi?" aliuliza taratibu. "Mwizi wa kawaida hana haja hiyo, yeye mwenyewe anaamini imo. Mwenye haja ni yule anayejua kwamba haimo."

Sinzia akachukua mto mpya wa sufi aliouficha nyuma yake, akampa Mzee aunuse. Mzee akapiga chafya moja ya kutikisa kuta, na paka, aliposikia kishindo kile, akaruka kutoka kikapuni kama aliyeungua. Vitambaa vikaporomoka. Chini yake ikaonekana kona ya mto wa kale, maua yake yamefifia.

Shangazi hakukimbia wala hakukana. Mikono yake iliacha kukunja.

"Ulikuwa unakufa, kaka," alisema. "Daktari alisema wiki chache. Nawe unakumbatia kile kitu kinachokuua, unasema ni mkeo. Nikaufumua siku ya kufua, nikatia sponji, nikashona kwa mishono ile ile ya wifi yangu. Kifua kikapona. Ndoto zikaendelea. Nikasema moyoni, nani ameumia? Jana binti akasema ataufumua. Niliona utamkosa mkeo mara ya pili, na mimi ndiye niliyemtoa."

"Ukaacha mwanangu huyu abebe lawama," alisema Mzee.

"Niliimwaga sufi tu mto uonekane umeibwa na mtu wa nje. Walipomtaja yeye, nikasubiri wanyamaze. Hawakunyamaza. Nami nikaongeza la nyoka."

Mshonaji alisogea mbele. "Shangazi, baba yangu aliiba. Mimi nimeshona. Nitaje kwa kazi yangu."

Shangazi alimtaja, mbele ya wote: fundi wa foronya, mke wa mtoto wetu, asiye na hatia. Alilisema mara mbili, kwa sababu la kwanza lilizama kwenye machozi.

Mzee alikuwa ameupokea mto. Aliubonyeza, ukabonyea, ukarudi, kwa namna ambayo sufi hairudi. "Kwa hiyo nilikuwa naota sponji," alisema.

"Ulikuwa unamwota mkeo," alisema Sinzia. "Ulilalia mto, ndoto ikaja, ukadhani mto umeileta. Jogoo huwika kunapokucha, Mzee, lakini hajawahi kulivuta jua."

Mzee akalala pale pale, mbele ya watu, kichwa juu ya kiganja chake kitupu, akafumba macho. Hakuna aliyethubutu kutoka. Baada ya kitambo, akiwa usingizini, alisogea kidogo upande wa ukuta, kama mtu aliyeambiwa anaziba mwanga.

Harusi ilifanyika Jumamosi. Sinzia alihudhuria, akalala mwanzo hadi mwisho.

Basi hapo nikanyamaza, nikisubiri kusifiwa. Mke wangu aliiweka pasi kando.

"Huyo paka," alisema, "si ulisema kiziwi tangu kuzaliwa?"

Nikamwambia alisikia kwa miguu, sakafu ilitetemeka. Akanikumbusha paka alikuwa kikapuni, juu ya vitambaa, juu ya sponji. Nikamwambia basi, hilo dogo, lakini mengine ni kweli, si nimeyaapia?

"Ni kweli kwa sababu umeapa, na umeapa kwa sababu ni kweli. Mume wangu, hiyo ni mbwa anayefukuza mkia wake. Vitanda vinakusubiri."

Kesho yake asubuhi nilianza kulipa. Niliupiga mto wa mke wangu, nikapiga chafya kama kawaida. Nikaupiga na wangu, wa sufi tangu tulipooana, nikakaza pua kuisubiri chafya. Haikuja. Nikaubonyeza, ukabonyea, ukarudi.

Nilimgeukia mke wangu. Alikuwa amefumba macho, lakini hakuwa amelala.